Ngoma ya Zaituni

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, mwezi wa Agosti

Dada yangu Kalunde,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya chumba changu, juani, blanketi mabegani, maana upepo wa huku miezi hii hauna huruma na mtu. Mwili wangu ni mzima. Sijui wewe umeamkaje, na vidonge vyako kama unavipata kila mwezi hapo zahanati au bado wanakuambia urudi kesho. Mama naye miguu inaendeleaje? Uliandika kwamba siku hizi anasali akiwa amekaa kwenye kigoda. Habari hiyo ilinikaa moyoni, kwa sababu namjua Mama, hakai mpaka ashindwe.

Barua hii sikuipitisha posta. Nimempa Baba Shija, yule mtu wa kwetu aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake. Anakuja huko kumwoza binti yake, atapitia Mpanda apande treni. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako. Isome peke yako kwanza, kisha wewe mwenyewe uamue cha kumsomea Mama.

Umeniuliza mara mbili habari za yale mafunzo ya kucheza, nami nimekaa kimya. Leo nakueleza.

Ilianza mwezi wa Juni, shule zilipofunga. Afisa utamaduni alipita shuleni kwetu akasema kuna mwalimu wa dansi amekuja, Mtanzania aliyeishi Ulaya miaka mingi, anaitwa Mwalimu Rajabu. Wafadhili wamempa fedha afundishe watu mikoani kwa wiki nne mfululizo, asubuhi mpaka jioni, na mwisho atachagua mtu mmoja wa kwenda kujifunza zaidi Dar es Salaam mwaka mzima, halafu kwenda kucheza nje. Mwalimu mkuu wangu alicheka, akasema, "Mwalimu Milembe, wewe una miaka thelathini na miwili, unakwenda kurukaruka na watoto?" Nikamwambia nakwenda kujifunza michezo ya kuwafundisha wanafunzi. Nilimdanganya. Wewe unajua, tangu utotoni hakuna kitu nilichokitaka kama kucheza, na hapa Sumbawanga nimekaa miaka sita nikifundisha darasa la tatu kuhesabu, nikiogopa kwamba ndio basi.

Tulikuwa watu kumi na sita. Walitupa ghala la zamani la ushirika. Tangu biashara iwe huria ushirika haununui tena mahindi, wakulima wa vijiji vya jirani kama Pito wanauza kwa wafanyabiashara wanaokuja na malori yao, kwa hiyo ghala limebaki tupu, popo juu, na kwenye nyufa za sakafu bado kuna punje za mahindi zilizogeuka unga. Mwalimu Rajabu alituambia kule alikokuwa mafunzo haya hufanyika wakati wa joto, watu wamevaa vikaptula. Sisi tulicheza peku kwenye saruji ya Juni, vidole vimekufa ganzi. Vijana wa mjini walikuja na mambo yao, mambo, poa, wakidhani watafundishwa dansi la kwenye video. Siku ya kwanza mwalimu alitufundisha kutembea. Siku ya pili kuanguka. Wanne hawakurudi.

Sisi wa mjini tuliombwa kuwapa malazi waliotoka mbali. Mimi nilipewa Zaituni, msichana wa Kirando, kule ziwani, wa miaka ishirini na mitatu hivi. Mama yake ni mjane, wanaanika dagaa. Alikuja na mkoba mmoja na ndoo ndogo ya mawese ya zawadi. Ni mtu wa maneno machache, mwembamba, ana mikono mirefu kuliko inavyotakiwa. Lakini dada, alipoanza kujongea pale ghalani, hata wale vijana waliacha kucheka. Sijui nikuelezeje. Alikuwa akiinua mkono, unaona uzito wa mkono. Mimi nina mbinu, nilicheza kwenye kikundi cha chuo cha ualimu, najua kuhesabu na kukumbuka hatua. Yeye hakuhesabu kitu. Mwalimu Rajabu alituweka pamoja, akasema mmoja ana kichwa na mwingine ana mwili.

Nilimpenda. Naomba uliamini hilo kabla sijaendelea. Tulipika pamoja, tulilala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi, alinifundisha kuoka dagaa wabichi juu ya bati, mimi nikamsaidia kusoma zile karatasi za mwalimu.

Jumapili ya pili, asubuhi, alikuwa ananisuka. Mimi nimekaa chini, yeye juu ya kitanda. Nikasikia mikono imesimama, kisha ikashika nywele zangu kwa nguvu mpaka nikapiga kelele. Nilipogeuka nilijua mara moja. Nilimlaza ubavu, nikasogeza jiko, nikaweka kanga chini ya kichwa chake, nikasubiri, kama Mama alivyotufundisha kukusubiri wewe. Haikuchukua muda mrefu. Alipopata fahamu akatazama mlango kwanza, kuona kama kuna mtu.

"Uko peke yako?" akaniuliza.

"Niko peke yangu."

"Mbona hukukimbia?"

Nikamwambia, "Dada yangu naye anayo hali hii. Anaitwa Kalunde. Nimekua naye."

Hapo alilia. Akaniuliza habari zako, kama umeolewa, kama watu wanakula na wewe sahani moja. Nikamwambia umeolewa, una watoto wawili, una cherehani yako. Akasema kwao wanajua mama yake tu na mganga wa zahanati, na vidonge vimemwishia, alidhani vingetosha wiki nne. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwahidi. Dada, ni habari zako zilizomfanya aniamini.

Kesho yake nilikwenda hospitali nikamtafutia vidonge, nikavipata. Hilo nalo nililifanya. Naliandika kwa sababu yatakayofuata ni mabaya na ninatamani ujue kwamba hayakuwa hayo tu.

Wiki ya tatu mwalimu alitaka kila wawili watunge ngoma yao ya kuonyesha wageni. Sisi yetu ilitokana na Zaituni. Siku moja chumbani nilimuuliza inakuwaje mtu anaporudi, baada ya kuanguka. Hakunijibu kwa maneno. Akalala sakafuni, akanionyesha. Kwanza vidole vinatafuta ardhi, kama vinauliza hapa ni wapi. Kisha shavu linaachana na sakafu. Bega. Halafu macho, ambayo hayataki kukutana na mtu. Mpaka anasimama imepita kama dakika tatu, na katika dakika hizo unaona aibu yote ya duniani ikipanda kwenye mgongo wa mtu mmoja na yeye akiibeba. Nilikutazama wewe pale, Kalunde. Nilikuona ukiinuka uani kwa Bibi, siku ile ya mavuno, watu wamekuzunguka.

Tuliiweka mwishoni mwa ngoma yetu. Yeye ndiye aliyeinuka, mimi nilisimama pembeni. Mwalimu Rajabu alipoiona alivua miwani. Hakujua imetoka wapi, na hatukumwambia.

Baada ya hapo kila mtu ghalani alijua nafasi ni ya Zaituni au yangu. Nami nilijua ni ya Zaituni.

Wiki ya nne, Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, mwalimu aliniita nje, kwenye ngazi za kupakilia magunia. Alikuwa na daftari lake. Akasema, "Milembe, nitakuwa mkweli. Mko wawili, nafasi ni moja. Huyu mwenzako ana kitu ambacho siwezi kumfundisha mtu. Lakini nampeleka mbali, peke yake, kwa watu wasiomjua. Wewe unaishi naye. Kuna lolote ninalopaswa kulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema muulize mwenyewe. Nilitazama barabara, nikasema, "Ana kifafa."

Nilisema nikiwa na sura ya huruma. Nikaongeza kwamba nasema kwa ajili ya usalama wake, kwamba Dar es Salaam hana mtu wa kumsogezea jiko. Na ni kweli, niliogopa hivyo. Mimi najua jiko linaweza kufanya nini, nimeuona mkono wako. Lakini dada, wakati nalitamka lile neno nilisikia kitu ndani yangu kikitulia, kama mtu aliyetua mzigo. Mtu anayemwogopea mwenzake hatulii hivyo. Tangu siku ile najichunguza, na kila nikijichunguza nafika hapo hapo.

Nilimkumbuka yule jirani aliyekwenda kumwambia mwalimu mkuu habari zako ukiwa darasa la sita, ukarudishwa nyumbani na madaftari yako. Yeye naye alisema ni kwa usalama. Baba alikufa hajamsalimia tena.

Mwalimu Rajabu si mtu mbaya. Nadhani alitaka kufanya jambo la haki kwa namna walivyomfundisha huko alikokaa. Kesho yake asubuhi alitukalisha duara, akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwenzetu Zaituni ana kifafa, kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, na akaanza kutueleza cha kufanya akianguka. Hakuwa amemuuliza Zaituni kama anataka kusemwa. Zaituni alikuwa amekaa mkabala na mimi. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi, muda wote ule, mpaka mwalimu akamaliza.

Kisha tukaambiwa tuendelee na mazoezi ya kubebana, yale ambayo mtu anajiachia na mwenzake anampokea. Mimi sikuweza kusogea. Mwalimu akampanga na kijana mmoja wa mjini anaitwa Ozwadi. Ozwadi akarudi nyuma, akamwambia jirani yake, si kwa sauti ya chini, "Mshikaji, mimi simshiki huyu. Mate yake yakinigusa je?" Msichana mwingine akaficha mikono ndani ya kanga. Zaituni alisimama katikati ya sakafu, mikono yake mirefu inaning'inia. Akasema, "Msihangaike." Akavaa kandambili zake, akatoka.

Nilipofika nyumbani saa saba alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amefagia chumba. Blanketi alilikunja, juu yake akaacha vile vidonge nilivyomtafutia.

Ijumaa wageni walikuja, wafadhili, afisa utamaduni, masista, watu wa manispaa, wakakaa kwenye viti vya kuazima. Mwalimu akaniambia, "Icheze peke yako, unaweza." Nami nikaicheza, dada. Yote. Nililala juu ya saruji ile, vidole vyangu vikatafuta ardhi kama vyake, nikainua shavu, bega, macho. Mbinu ninayo, nilikumbuka kila kitu. Waliposimama kupiga makofi nilikuwa bado natazama chini, nao wakadhani hiyo ni sehemu ya ngoma. Jioni ile nilitangazwa mimi.

Nilikaa na furaha siku mbili. Sitaki kukudanganya, ilikuwa furaha kabisa. Nilifua nguo zangu, nikaanza kufikiria nani nimwachie vyombo. Siku ya tatu nilianza kutapika, nikadhani ni malaria, nikapimwa, hakuna kitu.

Ndipo nikapanda lori la wanunuzi wa samaki, nikateremka Kirando. Kule chini ni joto, kama nchi nyingine, na mimi nimevaa sweta la Sumbawanga. Nikamuulizia Zaituni wa mama anayeanika dagaa, wakanionyesha nyumba. Mama yake alitoka nje na unga mikononi. Nilipotaja jina langu alinikumbatia. "Kumbe ndiye wewe Mwalimu Milembe," akasema. "Mwanangu amenieleza ulivyomtunza. Mungu akuzidishie." Zaituni alikuwa hajamwambia chochote. Alimwambia mafunzo yamekwisha, basi.

Nilipewa maji ya kuoga, nikapewa ugali na samaki, nikala mbele ya yule mama huku ananisifu. Kisha nikaenda ufukweni alikokuwa Zaituni. Alikuwa anawageuza dagaa mchangani kwa ufagio. Nilimsalimia, akaitikia vizuri, akanipa ufagio mwingine. Tukageuza dagaa, yeye upande huu, mimi upande ule, mpaka nikashindwa.

"Zaituni, nimekuja kukuomba radhi."

"Nilijua utakuja," akasema. "Una roho hiyo, ya kuja baadaye."

"Niliogopa. Dada yangu aliwahi kuungua."

"Uliogopa nitaungua, au uliogopa nitachaguliwa?"

Nikasema, "Yote mawili." Hilo ndilo neno pekee la kweli nililomwambia mtu mwezi ule mzima.

Aliendelea kufagia kidogo. Kisha akaniuliza, "Uliicheza ile ngoma?"

"Niliicheza."

"Na ile sehemu ya kuinuka?"

"Na yenyewe."

Hapo ndipo alipoacha kazi. Aliuegemea ufagio, akatazama wale dagaa, si mimi. Akasema, "La kusema ugonjwa wangu nilikuwa nimeshaanza kulisahau. Watu husema. Lakini kule kuinuka, dada Milembe, hakuna mtu niliyemwonyesha. Hata mama yangu hugeuka pembeni. Wewe nilikuonyesha, ukaenda ukawaonyesha watu kama kitu chako."

Nikamwambia kama anataka nitaiacha ile nafasi. Akasema, "Ukiiacha itanisaidia nini mimi? Nenda huko. Ila usiicheze tena ile. Popote."

Nikamwahidi. Akanitazama, nadhani alikuwa anakumbuka ahadi ya kwanza. Nilipoondoka mama yake alinijazia mfuko wa dagaa, akamwita binti yake aje anisindikize mpaka kwenye lori, na Zaituni akaja, akanibebea mfuko, akaniaga kwa mkono kama mgeni yeyote. Wale dagaa wako nyuma ya mlango wangu. Sijaweza kuwala wala kuwagawa.

Niliporudi nilimfuata Mwalimu Rajabu kwenye nyumba ya wageni, alikuwa anafunga mizigo. Nikamweleza ngoma ile si yangu na sitaicheza tena, lakini niko tayari kwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama Zaituni anaweza kurudishiwa nafasi. Akasema aliwaandikia wafadhili, wakakataa, hawampokei mtu wa hali ile bila daktari wa kumwangalia. Akasema, "Na wewe, nikuambie ukweli. Walichokiona wakakipenda ni zile dakika tatu. Nitungie nyingine kabla sijaondoka, nami nitakutetea."

Nilipewa siku tatu. Nilichukua ufunguo wa ghala, nikaingia peke yangu kila asubuhi. Nilijaribu kutembea, nilijaribu kuanguka. Nilijaribu ngoma za kwetu, za mavuno, zile ulizonifundisha. Kila nikilala chini, mwili ulitaka kuinuka kwa njia ya Zaituni. Haukujua nyingine. Siku ya tatu nilikaa tu nimeegemea ukuta mpaka mwalimu alipokuja. Nikamwambia, "Sina." Akanishika bega, akaenda zake. Nafasi kapewa Ozwadi, ameondoka wiki iliyopita na basi la Mbeya.

Shule imefunguliwa. Niko darasa la tatu tena, tunahesabu. Walimu wenzangu wanasema nimeachwa kwa sababu ya umri, mwalimu mkuu ananitania mbele ya wanafunzi. Nawaacha waseme. Kirando sijaandika kueleza kwamba sikwenda. Nikimwandikia itakuwa kama naomba anishukuru, na hana cha kunishukuru. Labda anadhani niko Dar es Salaam sasa hivi, naicheza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo nalistahili.

Sasa dada, nimekueleza wewe kwa sababu kila nilipotaka kujitetea kwa nafsi yangu nilikutaja wewe. Nilimwambia mwalimu habari za jiko, nikamwambia Zaituni habari za kuungua kwako. Nimeutumia ugonjwa wako kufungua mlango wa mtu, kisha nikautumia kujificha. Ni haki yako kulijua. Usiniandikie kwamba umenisamehe, najua una moyo huo, lakini niliyemkosea yuko Kirando. Niandikie tu, kwa mkono wako mwenyewe, kama bado unataka nije mwezi wa Desemba. Ukisema nisije, sitauliza sababu, na Mama nitamwambia nimekosa nauli.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie namtafutia soksi za sufu. Msalimie shemeji na baiskeli za watu anazozitengeneza. Shangazi wa Nata, yule anayekuja kukuchotea maji, mwambie namkumbuka. Mjomba katekista naye aniombee, usimwambie kwa lipi. Wanao wabusu wote wawili, na mdogo asiache kunywa uji.

Upepo umeanza tena, naingia ndani.

Mdogo wako,
Milembe